Mliniambia ninunue sabufa mpya, mimi nikaingiza magunia ya mahindi sebuleni

Wakuu, nawasalimu kutoka Matongo, Tarime. Haya yamenitokea nyumbani kwangu, sijatia chumvi. Mwenye shaka aje aone kwa macho yake, ugali upo.

Mwezi uliopita niliuliza humu kwa nini spika zangu zinanguruma tu. Majibu yenu nayakumbuka: tupa hiyo takataka, nunua mpya. Fundi wa mjini naye akasema hivyo hivyo bila hata kuifungua.

Sikununua. Leo nimekuja kuwajibu.

Kwanza mjue kilichokuwa kinaniumiza. Baba yangu alikuwa mpigaji wa litungu, kile chombo chetu Wakurya cha nyuzi nane. Harusi za huku zilimsubiri yeye. Kisha kiharusi kikaja kikachukua mkono wake wa kulia. Bahati nzuri nilikuwa nimeshamrekodi kwa simu.

Nilipomaliza nyumba nikamleta mzee tukae wote. Nikamkalisha kwenye kochi, nikaunganisha simu na sabufa, nikafungulia ile rekodi kwa sauti kubwa. Nilitaka afurahi.

Ikatoka ngurumo. Besi inazunguka chumba kizima, nyuzi zinagongana kama sufuria ndani ya beseni.

Mzee akasikiliza kidogo, akasema, "Mura, mwanangu, zima. Kumbe miaka yote watu walikuwa wananivumilia tu."

Iliniuma sana wakuu. Nikamweleza kwamba kosa si lake, hakuniamini. Wiki hiyo hiyo akamkubalia mtu wa kambi moja ya watalii kule Robanda, aliyelitaka litungu akalitundike ukutani kama pambo. Angekuja kulichukua Jumamosi.

Nikasema moyoni, halitoki. Lakini litungu ni lake, na baba yako huwezi kumshinda kwa maneno. Ilibidi asikie mwenyewe.

Sasa sikieni makosa yangu, maana wengi wenu mnayo. Sisi huku ukinunua spika unataka mgeni azione akiwa bado mlangoni. Kwa hiyo zangu zilikuwa juu ya kabati, zimebanwa konani, kila moja imevishwa kitambaa cha kufuma kilichoning'inia mpaka usoni. Sakafu tiles, madirisha vioo, kuta tupu. Na besi nimeizungusha mpaka mwisho, nijisikie tajiri.

Akili ilinijia nikiwa kwenye nyumba ya zamani ya mzee, ile ya udongo, ambayo siku hizi tunawekea mahindi. Simu ikaita, nikapokea, nikashangaa sauti yangu imetulia. Nikapiga makofi. Hakuna mwangwi, udongo na magunia vinaumeza. Nikarudi sebuleni nikapiga tena, kuta zikanijibu.

Spika hazikuwa na ugonjwa. Mgonjwa ni chumba.

Ijumaa nikavua shati. Vitambaa nikavitoa. Spika nikazishusha juu ya vigoda, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, hatua moja kutoka ukutani. Nikapima kwa kamba: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kiti cha mzee, urefu uleule. Nikazigeuza kidogo zimtazame. Sabufa nikaitoa konani, besi nikairudisha katikati.

Kisha nikabeba magunia ya mahindi, nikayapanga kwenye kona zote. Ngozi mbili za ng'ombe nikazitundika nyuma ya kiti, nyingine nikaitandika chini. Blanketi dirishani.

Mke wangu, Mama Bhoke, akaniuliza kama wageni watakaa juu ya mahindi. Jirani akachungulia akasema nyumba imenishinda nimeigeuza ghala. Nikamwambia kama ana gunia la ziada alete. Kucheka hakujawahi kutengeneza kitu.

Jumamosi yule mtu wa kambi akaja. Akamwamkia mzee shikamoo, akakaribishwa, akakabidhiwa litungu. Akawa amelipakata tayari kuaga.

Nikamwomba mzee wimbo mmoja tu. Akakubali kwa kunihurumia, nilimwona.

Nikafungulia, sauti ya kawaida.

Wakuu, uzi mmoja ulilia, ukafuata wa pili, kila mmoja mahali pake. Ungeweza kusikia kidole kikiuacha. Mama Bhoke akatoka jikoni akasimama mlangoni. Mzee akainamisha kichwa mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Uzi wa tatu ulikuwa umelegea. Siku ile niliharakisha."

Akanyoosha mkono wa kushoto kwa mgeni. "Lete hapa. Mura, kaza."

Mgeni alilitoa bila ubishi. Mimi nikakaza, machozi yananitoka, mzee ananiambia bado, bado.

Mgeni aliondoka mikono mitupu, ila chai alikunywa.

Funzo langu ni hili. Kabla hujatupa spika zako, piga makofi chumbani kwako usikilize kinachorudi. Spika si pambo la kabati, zishushe, zivue nguo. Na asikutishe mtu kwa sababu dawa yako ni gunia. Yangu yapo sebuleni mpaka leo, na wageni wameshayazoea.

Mliosema ninunue mpya, uwanja ni wenu, leteni hoja. Mwenye njia bora ya kuzuia mwangwi pia aseme, tujifunze.

Ila nitachelewa kujibu. Mzee ananifundisha litungu jioni hizi, na ameshaniita mara mbili.