Mwanga Ulioonekana Kilima Kimoja

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyoketi kando ya tangi langu kilimani Kasulu nikicheka peke yangu. Waliopita kwenda mashambani wakadhani nimerukwa na akili. Sikuwajali, maana nilikuwa nimepata kitu ambacho Adela hakuwa nacho.

Nikueleze kwanza kazi yetu, usije ukadhani tulikuwa wauza maji. Kutoka mbali sana, kwenye nyota huko, kuna chembe zinazokimbia mpaka zinagonga hewa ya dunia yetu. Chembe moja yenye nguvu kubwa ikigonga, inavunjika vipande, na vipande vinavunjika tena, mpaka vinatua chini kwa wingi na kutapakaa vilima kadhaa kwa mara moja. Huo tuliuita mmiminiko. Kila tangi letu lilikuwa jeusi, limejaa maji, limefungwa kabisa. Chembe ikipita ndani ya maji inatoa mwanga mdogo, na mashine inauona. Mimi nilikuwa na tangi langu, na Adela alikuwa na lake, kilima cha ng'ambo.

Sote wawili tulitoka Kibondo, tena darasa moja. Chanda chema huvikwa pete, na chake kilivikwa kila siku. Tukifaulu wote, anayetajwa ni yeye. Mama yangu mwenyewe, aliyenizaa kwa uchungu, kila nikienda nyumbani alinisifia mtoto wa wenzake: "Adela kapita kunijulia hali, mwana wanje, mwanangu wee. Kaniletea na sabuni. Wewe hata salamu?" Nilimwonea wivu, mwanangu, wivu wa kukosa usingizi. Hakuwahi kunikosea hata kidogo, lakini hasidi hana sababu.

Sasa msimamizi wetu, profesa mmoja mzee, alikuwa na nafasi moja tu ya kumpeleka mtu kusoma nje. Alisema wazi kwamba atakayemletea mmiminiko mkubwa ndiye atakayekwenda. Na utaratibu wetu ulikuwa huu: kila Ijumaa tulikutana sokoni Kasulu, kwa mama muuza chai, kila mmoja akamtajia mwenzake saa ambazo tangi lake liliwaka sana. Ukirudi kilimani unahifadhi saa zako na zile ulizotajiwa. Zilizobaki mashine inazifuta yenyewe, kwa sababu nafasi yake ilikuwa ndogo.

Mwanga niliokuwa nikiuchekea siku ile ulikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona. Ijumaa ilipofika sikwenda sokoni. Nilituma ujumbe kwamba naumwa tumbo. Nilijua nikimtajia Adela saa ile, jina lake nalo litaingia, na likishaingia litakaa mbele ya langu kama kawaida yake.

Profesa alipofika kutoka Dar es Salaam nikamwekea mezani karatasi yenye alama za mwanga wangu. Alikuwa Mpare, nasi tulizoea kumtania kwamba Mpare halali vizuri asipokuwa na kesi. Akautazama kwa muda.

"Kilima cha pili kimeona nini?"

"Sijauliza, Profesa."

"Radi inaweza kufanya hivi. Waya mbovu pia unaweza. Shahidi wako yuko wapi?"

Akavua miwani. "Binti, jifya moja haliinjiki chungu. Unadhani umemnyima Adela. Umejinyima wewe."

Nilishuka bonde mbio, nikapanda kilima cha pili nikihema. Nilimweleza Adela yote, hata lile tumbo la uongo. Akafungua mashine, akatafuta, kisha akanitazama kwa huruma. Saa ile ilikuwa imeshafutwa.

"Ungeniambia tu, dada," akasema, akanimiminia uji. Hakunifokea. Nalo hilo nililionea wivu, kwamba moyo wake ni mwepesi kuliko wangu.

Mpaka leo sijui kama nilichokiona kilikuwa mmiminiko au waya mbovu. Nimepima mengi tangu hapo, nimefundisha wengi, lakini ule mwanga siwezi kuuandika popote.

Masika yaliyofuata tangi la Adela likawaka. Hakungoja Ijumaa. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, matope mpaka magotini, akanitajia saa. Tangi langu nalo lilikuwa limeuona. Mmiminiko huo ukatangazwa kwa majina mawili, lake mbele, na nafasi ikawa yake. Nilimsindikiza mpaka stendi ya mabasi nikitabasamu kwa meno tu. Siku hizi ni profesa mkubwa. Akihojiwa redioni napunguza sauti, kisha naiongeza, nisikie kama atanitaja. Ananitaja kila mara, na hilo linaniuma zaidi.

Wazee wengi watakuambia uache wivu, mwanangu. Mimi nimezeeka nao, nitakuambiaje uuache? Ninalokuambia ni hili: anayetazama mambo ya mbali hatoshelezwi na macho yake, na jicho la pili mara nyingi liko kwa mtu usiyempenda. Mwendee. Mtajie saa yako, na wivu wako ukiwa umekujaa vile vile. Usingoje kwanza uishe, maana wangu haujaisha.

Mungu akujalie kazi ndefu na afya ya kuifanya. Akupe mwenzako aliye hodari kuliko wewe, na akupe miguu ya kumfikia mapema. Amina.