Kidole cha Shahada na Jirani Yake

Baba alipopooza upande wa kulia, daktari alituambia tushukuru, maana usemi umesalimika. Tulishukuru. Ila kwa mtu aliyecheza drafti kwenye baraza letu miaka yote niliyoishi mimi, kinywa ni nusu tu ya mchezo. Nusu nyingine ni mkono.

Drafti ya mtaani kwetu haichezwi kimya. Kete ni vizibo vya soda, za mmoja zimelala chali, za mwenzake kifudifudi, na kila kete inayosogezwa husindikizwa na neno la kumvunja mtu moyo. Mimi niliyajua maneno hayo yote kabla sijajua kete zinakwenda wapi, kwa sababu nilijifunzia dirishani, nakata vitunguu.

Niseme kabisa kwamba mimi ni mtu wa ndani. Nina miaka thelathini na minane, kidato cha nne nilimaliza, nashona mapazia na foronya humo humo chumbani, na safari yangu ya maana kwa wiki ni kufuata uzi mtaa wa pili. Baba ananiita mwali. Wanawali wa wenzetu huwekwa ndani kwa muda, kisha hutolewa kwa ngoma na watu wakala pilau. "Wewe," husema baba, "ulitiwa ndani, shughuli ikasahaulika."

Huo uzi naununua kwa mpinzani wa baba kwenye drafti. Ni mzee wa rika lake, wa familia ya Kihindu inayouza vifungo, zipu na nyuzi pale pale tangu enzi za babu yake. Hapa kwetu tunamwita mzee wa vifungo. Kila siku saa kumi alasiri alimwachia mkewe duka, akaja kufungwa au kufunga, wakatukanana mpaka adhana ya magharibi, halafu akaenda zake.

Miezi mitatu baada ya hospitali, mkono wa baba ulikuwa umerudi nusu. Unanyanyuka, unafika unakotumwa, lakini unatetemeka na vidole havisikilizani. Mzee wa vifungo alikuja na ubao wake kwapani. Wakapanga. Baba akanyoosha mkono kusogeza kete ya kwanza, mkono ukapita kama fagio, vizibo vikamwagika sakafuni hadi kwenye mtaro.

Mzee wa vifungo aliinama akaviokota kimoja kimoja, na magoti yake yale. Akavifuta kwa leso. Akasema taratibu, "Hiyo haihesabiki, bwana. Tuanze upya."

Baba akamtazama. "Na kesho nayo haitahesabika?"

Baba akaniita nimwingize ndani.

Usiku hakula. Alikaa kitandani akaniambia, "Umemsikia? Yule mtu alinifunga siku ya harusi yangu. Bwana harusi mzima, kanzu mpya, wageni wananisubiri, akanila kete nne na kucheka juu. Hakunihurumia. Leo ananihurumia."

Tangu hapo hakutoka tena kukaa barazani. Mzee wa vifungo akipita na kupiga hodi dirishani, baba anafumba macho. Mimi ndiye niliyekuwa nasema, "Shikamoo, amelala," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayejua anadanganywa. Baba hajawahi kulala saa kumi alasiri maishani mwake. Alikuwa anakonda, na hakuwa na ugonjwa mpya.

Ndipo nikapata akili, jambo ambalo kwangu huja kwa msimu. Nilikuwa na kishikwambi cha kutazamia mitindo ya mapazia. Nikaweka mchezo wa drafti humo. Kete za kwenye kioo, nikasema, hazimwagiki.

Kweli hazikumwagika. Ila baba akigusa kete hii, inawaka ile.

"Kishikwambi chako kina mashetani," akasema.

"Ni vidole, baba. Unagusa na viwili."

"Nimegusa na cha shahada."

"Cha shahada kimekwenda, na jirani yake kamfuata."

Akautazama mkono wake kama mpangaji aliyemletea mgeni bila ruhusa. Nikamwambia si neno, aguse tena ile aliyoitaka, mchezo unaruhusu. Hapo nilikosea. "Mchezo gani unaruhusu?" akafoka. "Ukigusa umecheza. Au mlisoma drafti nyingine huko sekondari?" Akaicheza ile kete asiyoikusudia, nikamla, akageukia ukutani.

Nikakifunga kishikwambi kwenye kanga nikaenda Mtaa wa Msimbazi. Kwa mwingine ni mwendo wa dakika kumi. Mimi niliaga. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa umri wangu, meza yake iko chini ya ngazi, miwani ya kukuzia imekaa juu ya ushungi.

"Dada, wewe huwa unatoka kweli?" akaniuliza. "Unavyopepesa macho, kama kuku wa kisasa kafunguliwa banda."

Nikamwambia shida. Nilitegemea aseme kioo kibovu, kibadilishwe. Akakipapasa, akakirudisha. "Kioo kizima. Njoo nikuonyeshe." Akanielekezea mama aliyeuza dagaa upande wa pili wa barabara, mafungu yamepangwa juu ya kiroba.

"Yale mafungu mawili ya mwisho unayaona? Unajuaje ni mawili?"

"Yameachana."

"Yakisogezwa yakagusana chini?"

"Nitaona vichwa viwili bado."

"Akiyamwaga pamoja kwa mkupuo mmoja?"

"Nitasema fungu moja, ila kubwa."

"Basi na kioo hivyo hivyo." Akaeleza, huku anafungua simu ya mtu mwingine bila kuitazama, kwamba chini ya kioo kuna nyaya nyembamba zisizoonekana, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, kama wavu wa dirishani. Zina umeme kidogo sana. Kidole kikifika kinauchota umeme pale kilipo, na mashine inapaona pale kama fungu limeinuka. Vidole viwili vikiwa mbali ni mafungu mawili. Vikikaribiana, mashine inatafuta bonde katikati; ikiliona inahesabu viwili, isipoliona inasema hiki ni kidole kimoja kinene, na alama inaiweka katikati, mahali ambapo hakuna kidole chochote kilichokusudia kugusa.

"Kwa hiyo baba haongopi," nikasema. "Na kioo nacho hakiongopi."

"Hakuna muongo. Sasa sikiliza. Ukiwa umeyaona mafungu mawili tangu asubuhi, hata yakija kugusana hutasahau ni mawili, si ndiyo? Na mashine inakumbuka. Kila kidole kikitua inakipa namba, halafu inakifuata, inaangalia kilikuwa wapi punde iliyopita. Kwa hiyo kidole cha kwanza kitue peke yake. Kikishapewa namba, mwenzake aje tu, mchezo kama huo unamsikiliza wa kwanza. Ubaya ni kutua pamoja."

"Na asipoweza?"

Akashusha miwani. "Mvike hicho cha pili kitambaa kinene. Kitambaa hakichoti umeme."

Kitambaa ndicho ninachokijua. Nilirudi nikashona kifuko cha kidole cha kati kwa kipande cha pazia zito, nikakipiga na pindo kabisa, kazi safi. Baba akakivaa, akanyoosha mkono, akautazama muda mrefu.

"Yule mtu akija akaona kidole changu kimevaa kanzu," akasema, "atanihurumia mara mbili." Akakivua. Kipo mpaka leo, naweka sindano.

Ikabaki njia ya kutangulia. Tulifanya kila asubuhi baada ya chai, yeye kitandani, mimi kwenye stuli. Alijifunza kuulaza mkono kwa ubavu, kidole cha shahada kikiwa mbele, akishushe, asubiri kidogo, kisha wengine waanguke wanavyotaka. Mwanzoni jasho lilimtoka kama anabeba gunia. Nikimsifu ananikatiza. Nikimla anafurahi, ila akihisi nimemwachia anafunga kishikwambi na hasemi nami mpaka mchana. Niliacha kumwachia. Kumla baba yako mgonjwa kete tatu kwa mpigo si jambo jepesi. Nilikuwa nakwenda uani, nasimama kidogo karibu na ndoo, halafu narudi.

Wiki ya tatu alikuwa anagusa anachotaka karibu kila mara. Alikosea akichoka, na alikosea akifurahi. Akiona ushindi, mkono unakimbia na vidole vinatua pamoja kama zamani.

Hakusema lolote zaidi kuhusu mzee wa vifungo. Mimi nikaenda kununua uzi ambao sikuuhitaji. "Baba anasema uje ufungwe," nikamwambia. Baba hakusema hivyo. Yule mzee akahesabu mita za uzi mara mbili, akauliza, "Kasema 'ufungwe'?" Nikasema ndiyo. Akanipa uzi, na saa kumi alikuwa barazani.

Nilimwambia baba mwenzake amekuja kufungwa, akaomba kishikwambi, nikamtoa. Akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kishikwambi kati yao. Mzee wa vifungo alikishangaa. "Umeishiwa vizibo? Nikununulie soda?"

"Jinunulie macho," akasema baba. "Utayahitaji."

Walicheza. Yule mzee alicheza kwa adabu mno, neno moja moja, anangoja mkono wa baba kila mara hadi ushuke, huku macho ameyapeleka barabarani asiutazame. Baba aliliona hilo, nami nililiona. Lakini kete za baba zilikuwa zinakwenda, na polepole akaanza kumbana. Ikafika mahali kete yake moja ilibakiza hatua moja tu kuingia kingi, safu ya mwisho inayoifanya kete kuwa mfalme, njia nyeupe, hakuna wa kuizuia. Mwenzake akaguna. Baba akatabasamu upande mmoja, ule unaotabasamu.

Na mkono ukakimbia.

Vidole vilitua pamoja. Niliona kabla kioo hakijasema. Ikawaka kete yake nyingine ya jirani, ile iliyokuwa inalinda mbili nyuma yake. Ikisogea, zote mbili zinaliwa.

Mzee wa vifungo akainua uso. "Bwana," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya siku ya mtaroni, "ndiyo unayocheza hiyo?"

Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Kugusa kete sahihi kungechukua nukta moja, mchezo unaruhusu, na maelezo ninayo yote, ya nyaya na mafungu na namba. Nikaigusa, na papo hapo mkono wa baba ukashuka juu ya wangu, mzito, unatetemeka, vidole vyake katikati ya vyangu juu ya kioo. Kioo hakikufanya kitu. Hakikujua ni wangapi, wala ni wa nani. Kete ya jirani iliendelea kuwaka.

"Toa mkono wako, mwali."

"Baba, hukuigusa wewe, ni—"

"Nimeigusa. Nimecheza mimi."

Nikautoa. Akashusha kidole cha shahada peke yake, taratibu, akaisogeza ile kete hadi kwenye uwazi pekee uliokuwepo. Kisha akamtazama mwenzake machoni, akangoja.

Yule mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atasema tena haihesabiki. Akainama, akazila zote mbili kwa mpigo mmoja. Akajipangusa midomo kwa leso.

"Asante kwa chakula," akasema. "Ila we Mswahili, mbona hukuweka kachumbari?"

Baba akaanza kufoka. Alimtukana kuanzia vifungo vyake vinavyokatika kwenye nguo ya kwanza kufuliwa hadi tumbo lake, akafika kwenye harusi, kanzu mpya, na wageni walioachwa wanasubiri. Mzee wa vifungo naye akapandisha sauti, wapita njia wakasimama. Baba alifungwa mchezo ule, na uliofuata akafungwa vibaya zaidi. Hasira zilimpanda hadi masikioni. Nilikaa kizingitini nimekumbatia magoti, sikuingia ndani mpaka giza.