Mita Kumi na Mbili za Plastiki

Fundi bomba wa hospitali ile alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi. La kushoto liliondoka na homa alipokuwa na miaka sita, na la kulia lilipoona halina tena mwenzake wa kumtegea, likachapa kazi ya mawili. Watu walimwita Mama Sikio, naye hakununa. Mumewe alipotaka kunung'unika bila kusikika, alihamia upande wa kushoto wa meza.

"Midomo naiona," mke humwambia, "na haijasema la maana tangu tuoane."

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Unasimamisha nondo juu ya koki, unabandika sikio kwenye ncha ya juu, unafunga mdomo. Bomba linalovuja halina siri, linapumua kama mtu anayepuliza uji wa moto. Kwa nondo hiyo alikuwa ameikamata mivujo kwa miaka ishirini na miwili.

Asubuhi moja maji ya wodi ya wazazi yakaanza kutoka kwa maringo, tone moja moja, kisha yakagoma kabisa. Mganga mkuu hakuzunguka: yasiporudi hadi saa sita mchana, wodi inafungwa. Akina mama wote, waliojifungua na walioshikwa na uchungu, watapakiwa kwenye magari na kupelekwa hospitali nyingine, saa mbili za barabara yenye mashimo.

Injinia, kijana mwenye mwaka mmoja kazini, akaleta mashine yake. Ilikuwa na vinasa sauti viwili na kisanduku chenye kioo. Kinasa kimoja alikibandika kwenye koki ya getini, kingine kwenye koki ya chumba cha kufulia nguo, na kati yake bomba la mita sitini chini ya sakafu. Sauti ya mvujo hukimbia ndani ya bomba pande zote mbili. Mashine hupima imetangulia kufika wapi na kwa kiasi gani, halafu inapiga hesabu.

"Mita ishirini na nane kutoka getini," Injinia akasoma.

Vigae vya ukumbi, vipya bado vinang'aa, vikavunjwa. Udongo mkavu kama unga. Wakasogea mita mbili, wakavunja tena. Mkavu vilevile.

Matroni akatoka wodini, mikono kiunoni. "Hapa ni wodi au makazi ya fuko? Saa nne na nusu hii! Nawapa shimo moja. Likiwa kavu, naanza kupakia wagonjwa wangu, na nyie mtakaa mchimbe mpaka kiama."

Mama Sikio alichukua nondo yake akaenda getini. Mvujo ulisikika waziwazi. Akaenda koki ya chumba cha kufulia, akainama. Huko sauti ilikuwa hafifu, kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Akashtuka. Kama mvujo uko mita ishirini na nane, basi uko karibu katikati, na pande zote mbili zingetakiwa zilie sawasawa. Chuma hakinong'oni hivyo.

Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka kumi na moja nyuma, mizizi ya mti ilivunja bomba lile karibu na chumba cha kufulia. Yeye mwenyewe, kwa mikono hii, alikata chuma kilichooza akaweka plastiki. Msimamizi wa wakati ule alimwambia aichore kwenye ramani ya mabomba. Akasema kesho. Kesho ile ilikuwa haijafika.

Angeweza kumeza. Msimamizi alishastaafu, na lawama zilishaikalia mashine, mashine haina mdomo. Lakini wodini mtu alipiga ukelele wa uchungu, na Mama Sikio akarudi ukumbini kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki, ingawa alikuwa anakwenda kujishtaki.

"Mwanangu, mashine yako haina kosa. Umeiambia bomba zima ni chuma?"

"Ndiyo mama, ramani inasema chuma."

"Ramani inasema uongo, na mwongo ni mimi. Kule mwisho kuna plastiki. Niliiweka, sikuichora."

Injinia akashika kichwa. Matroni akacheka bila furaha. "Sasa chuma na plastiki vina nini? Sauti si sauti tu? Itabaguaje?"

"Njoo, Matroni."

Alimpeleka kwenye baraza ndefu, palipokuwa na bomba la chuma la wagonjwa kushikilia, hatua mia mwanzo hadi mwisho. "Weka sikio hapo. Sikio moja tu, mimi hilo moja limenitosha maisha yote." Kisha akampungia Injinia, aliyekuwa ameshamwelewa na kufika mwisho wa baraza na spana. Injinia akagonga.

Matroni akainuka. "Kagonga mara mbili."

"Kagonga mara moja. Mlio wa kwanza umepita ndani ya chuma. Wa pili ni huohuo, ila umekuja kwa hewa, taratibu. Kila kitu kina mbio zake. Bomba la plastiki ni laini, sauti inajikokota humo."

"Theluthi ya mbio za bomba la chuma," Injinia akasema huku akihema, maana alirudi mbio. "Kwa hiyo upande wa kufulia sauti ilichelewa, mashine ikadhani mvujo uko mbali na huko. Mama, plastiki mita ngapi? Ukikosea hapo, tumekosea tena."

"Kumi na mbili."

"Una hakika?"

"Vipande viwili vya mita sita. Nilivibeba begani kutoka stoo, cha pili kikanichubua shingo. Andika kumi na mbili!"

Akaandika. Kisanduku kikafikiri. Mita arobaini.

Wakapima. Mita arobaini iliangukia kwenye kizingiti cha chumba cha kuzalishia. Matroni akafumba macho. "Mlangoni kwangu kabisa. Haya, vunjeni, kabla sijapata akili."

Mama Sikio hakumwachia mtu sururu. Zege likapasuka, udongo wa kwanza mkavu, wa pili mkavu, Matroni akatazama saa. Wa tatu ulitoka mweusi, ukashikamana na chuma cha sururu kama ugoro. Halafu maji yakamrukia kifuani. Kiungio cha zamani cha chuma, kimeliwa na kutu. Wakafunga maji, wakakikata, wakaweka kipya.

Saa sita kasoro dakika ishirini, bomba la wodi lilikohoa, likatema maji mekundu, kisha meupe. Matroni akarudi ndani bila kuaga, ndoo mbili mkononi.

Injinia akashika koleo afukie.

"Weka chini," Mama Sikio akasema. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shimo, ameloa hadi kiunoni, mkono ameunyoosha. "Lete ramani na kalamu. Nichore kwanza, ndipo tufukie."

"Si tutachora kesho, mama?"

Akamgeuzia sikio la kushoto.