Sega Lililolazwa

Ange Irambona hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Binti huyu wa Ulyankulu, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufugaji nyuki mjini Tabora. Asubuhi hiyo ya Septemba alisimama kwenye shamba la nyuki huko Kwihara akisubiri mtihani wa marudio wa vitendo. Akianguka tena, chuo kingemwondoa.

Wiki tatu mfululizo alikuwa amesoma, tena kwenye simu. Maelezo ya darasani yalikuwa ndani ya kundi la darasa, yamefukiwa chini ya salamu, vichekesho na matangazo ya harusi. Kila alipoyatafuta, nusu saa baadaye alijikuta anamtazama mtu asiyemjua akisukwa nywele. Siku ya somo la kukagua mzinga alikuwepo, na alirekodi sauti ya somo kwa simu. Lakini Mwalimu Mayala alipoonyesha namna ya kugeuza sega, Ange alikuwa akimjibu ujumbe Julieth, rafiki yake wa bwenini. Simu ilipojaa, aliifuta rekodi hiyo ili picha za mahafali zibaki. Ikabidi ajifunze upya kwa video za wafugaji wa Ulaya.

"Irambona! Ingia, au unasubiri mtandao?" Mwalimu Mayala aliita. Wenzake watatu waliokuwa wakirudia mtihani wakaangua kicheko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nionyeshe kama malkia yumo."

Ange akapuliza moshi, akafunua. Mzinga ulikuwa wa aina iliyozoeleka huko: kila sega linaning'inia kwenye kijiti kimoja cha juu, bila fremu ya kulizunguka. Akanyanyua kijiti cha tano taratibu, akakagua upande mmoja. Kisha, kama alivyoona mara nyingi kwenye simu, akaligeuza sega kwa kulilaza. Masega ya kwenye video yalishikwa na fremu pande zote nne. Hili, lililokwisha kulainishwa na joto, lilikatika na kuanguka chini pamoja na asali, mayai na nyuki wake.

"Rudini nyuma!" Mayala aliufunika mzinga mwenyewe huku nyuki wakivuma juu ya kofia yake.

Walipofika mbali na mzinga, Ange alimsihi. "Mwalimu, naomba mzinga mwingine."

"Hii ndiyo sapu yenyewe, binti; marudio hayana marudio. Nilisema darasani sega lisimame wima, ligeuke kama mlango. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wewe, au simu yako?"

Ange akajitenga, akampigia baba yake, Plasidi, ambaye alifuga nyuki tangu kabla Ange hajazaliwa na aliwachukua wanawe wa kiume kwenda kwenye mizinga porini, kamwe si Ange.

"Baba, sega limeanguka."

"Ulililaza?"

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Sega bichi lenye asali ukililaza juani litafanya nini? Mbona hukunipigia, mwanangu? Simu si unayo?"

Ange aliuma meno. Simu ilikuwa mkononi mwake wiki zote tatu.

"Wataniondoa, Baba."

"Basi rudi. Jumatatu nitakwenda nawe porini nikuonyeshe. Hiyo simu utamwachia mama yako."

"Nilitaka cheti, Baba," alisema kwa hasira. "Porini ungenipeleka zamani, ulipowachukua kaka zangu." Akakata simu.