Gati la Warumi na Chai ya Saa Nne

Beryl Stanbrook alianza kuchimba akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya hapo alifunga biskuti kiwandani, ng'ambo ya mto, mpaka kiwanda kilipofungwa. Akajitolea kwa waakiolojia wa London wiki mbili, akanogewa, asitafute tena kazi ya kukaa pakavu. Mumewe alikuja kumchungulia mara moja tu.

"Umeacha sufuria zangu uje uoshe magogo ya wafu?"

"Magogo hayalalamiki kwamba chumvi imepungua," Beryl alimjibu kutoka shimoni.

Majira ya baridi ya mwaka 1981 shimo lenyewe lilikuwa karibu na Daraja la London, mahali ambapo kampuni moja ilitaka kujenga ofisi. Chini kabisa, mbali na ukingo wa sasa wa mto Thames, palikuwa na gati la Warumi: magogo ya mwaloni yaliyolazwa moja juu ya jingine, na alama za shoka zikiwa kali kana kwamba fundi ametoka kidogo kwenda kula. Tope lilikuwa limeyahifadhi kwa karne nyingi. Yakikauka siku moja tu, yalipasuka. Ndiyo maana Beryl aliyamwagia maji kabla hata ya kuvua koti.

Nguzo mbili kwenye kona ya gati hilo zilikuwa bado na gome. Maduara ya ndani ya mti huhesabika, moja kwa kila mwaka, lakini ni duara la chini ya gome tu linalosema mti uliangushwa mwaka gani. Nguzo hizo zilikuwa kazi ya Beryl. Angemaliza kwanza kuchora kona ya gati, kisha akate kipande cha kila nguzo. Mkuu wa uchimbaji, Alastair Penrice, alikuwa amekubaliana na msimamizi wa ujenzi, Colin Mottram, kwamba kona haitaguswa hadi Ijumaa.

Jumatano saa nne asubuhi wachimbaji wote walipanda kibandani kunywa chai. Hakuna aliyebaki shimoni, na hakuna aliyeona haja. Saa nne Mwingereza yeyote mwenye koleo huliweka chini. Wajenzi nao walikuwa na kibanda chao na birika lao. Kumshuku mtu saa ya chai kungekuwa utovu wa adabu.

Beryl alikuwa akichovya biskuti aliposikia injini ya kijiko, ile mashine ya wajenzi ya kuchimbia.

Alipofika ukingoni, kona ilikuwa imekwisha. Gogo la juu lilining'inia kwenye meno ya mashine, na nguzo ya kwanza ilikuwa imevunjika, gome lake limesagwa ndani ya tope. Mottram alisimama kando, mikono mfukoni.

"Ulisema Ijumaa!"

"Nilisema hatutachimba mlipo nyinyi, bibie. Nimetazama, sikuona mtu."

"Tulikuwa kwenye chai!"

"Vijana wangu leo watakunywa saa nne na nusu. Nimebadilisha."

"Umebadilisha leo? Ukangoja tuingie ndani kwanza?"

Mottram alitabasamu. "Ni mbao zilizooza, mama. Nyumbani ningeziwashia moto."

"Zimesubiri tangu enzi za Warumi, wewe umeshindwa kusubiri Ijumaa!"

Penrice alifika akihema, kikombe mkononi. Alilitazama shimo, akamtazama Mottram, kisha, jambo ambalo Beryl hakumsamehe kamwe, akashusha sauti.

"Beryl, tafadhali. Wana viwanja vingine viwili kando ya mto. Tukiwaudhi, hatutaingia."

"Tuingie tukafanye nini, Alastair? Tuwashikie taa wakivunja?"

"Endelea, Declan," Mottram alimwambia dereva. "Ile nguzo ya pili."

Beryl alishuka ngazi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya pili, akaketi kwenye gogo lililoiegemea, akaikumbatia kwa mkono mmoja. Maji yalimpenya suruali.

"Haya, Mottram! Hutachimba nilipo. Si ndivyo ulivyosema? Basi nipo!"

Declan Furey alizima injini.

"Nani amekuambia uzime?"

"Bosi, mimi nachimba udongo. Wake za watu sichimbi." Akateremka. "Na mimi sijanywa chai."

Mottram alitukana, akaenda kupiga simu. Penrice alibaki ukingoni. Beryl alimwita mbele ya watu wote.

"Unasimama hapo kama unamsubiri nani? Leta msumeno!"

Aliuleta, akashuka mwenyewe na viatu vyake safi. Walikata kwa zamu, Beryl akikataa kuondoka hata Penrice aliposhika mpini. Kipande kilitoka kizima, gome likiwa limeshikamana. Kona ya gati, na namna mafundi walivyounganisha magogo yake, ilibaki nusu tu kwenye mchoro wake. Nusu ya pili ya kona yenyewe ilikwishapakiwa kwenye lori.

Jioni, kwenye baa, Penrice aliinua glasi. "Kwa Beryl, aliyeokoa gati!"

Wenzake wakashangilia. Beryl hakugusa bia yake.

"Gati lipo jalalani," alisema. "Nilichookoa ni kipande cha nguzo. Na kesho, kabla hujaninunulia nyingine, nenda kamwambie Mottram kwamba ni mwongo, wala usiishushe sauti kama ulivyoishusha kuninyamazisha mimi."

Akachukua koti lake lenye tope, akatoka.