Siku Niliyoshikilia Ubao wa Mlango

Jamani, hii huwa siisimulii, kwa sababu hadi leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie, lakini kwa kuwa mmeanza kunicheka kwamba naita watu kwa kila kitu, ngoja niwaambie kiburi kilinifikisha wapi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani kiwandani, nimepanga chumba Temeke, nyumba ya zamani ya miti na udongo, mwenye nyumba Bi Zena. Nimetoka Songea, sina ndugu mjini, jioni narudi, nafunga mlango, nasikia wenzangu ukumbini wanacheka, na mie nakula ugali wangu naangalia ukuta (mtu anaweza kukaa miaka miwili hivyo, msishangae). Kiwandani, mtu pekee aliyekuwa ananiita "Komba" tu, bila "Ndugu", alikuwa binti mmoja, Tumaini. Nilitaka kumwoa. Akaniambia mjomba wake, ndiye aliyemlea, atapita Jumapili kuniona.

Basi nikajiambia, chumba hakina hata pazia la mlangoni, mzee wa watu atanionaje? Nikapanga foleni duka la ushirika nusu siku, nikapata kitambaa cha maua ya njano. Sasa Bi Zena alishanionya: "Komba mwanangu, huo ubao wa juu ya mlango umelegea, mchwa wameula. Usigonge kitu. Ukitaka chochote niite, tumtafute fundi auwekee mwega wa kuushikilia." Nikaona aa, msumari mmoja tu, na kumsumbua mtu Jumapili kwa nini?

Pigo la tatu, ubao ukashuka upande mmoja! Udongo ukanimwagikia kichwani, nikatupa nyundo nikaudaka kwa mikono miwili, nikausukuma juu, nikabaki nimesimama mlangoni mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Bi Zena yuko uani anamenya mihogo, namsikia kabisa anavyokohoa. Kumwita? Aibu, si alinionya? Jirani akapita, "Ndugu Komba, mazoezi?" Nikajibu, "Mazoezi." Akaenda zake, mpumbavu mie nikamwacha aende.

Mara, "Hodi!" Mjomba huyo, suti ya kijivu imenyooka kwa pasi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akanyoosha mkono.

Mkono wa mtu mzima ukakaa hewani, nami yangu iko juu, jasho linaniingia machoni, na badala ya kusema ukweli nikasema, "Samahani, mikono michafu. Karibu ndani." Apite wapi? Chini ya kwapa langu? Akaniangalia, akaangalia mikono yangu huko juu, akarudisha wake mfukoni taratibu.

"Basi, nimekuona," akasema, akageuka.

Nikaona Tumaini naye ndiyo ananiponyoka hivyo. Nikauachia ubao nimkimbilie mzee nimshike mkono, na ubao nao ukaja, ukanipiga begani ukanilaza chini, na udongo wote uliobaki ukamfunika mjomba na suti yake. Bi Zena akaja mbio na kisu cha mihogo, "Si nilikwambia uniite?"

Mjomba akajikung'uta, wala hakugomba (afadhali angegomba). Akasema, "Nimesimama hapa na mikono miwili mizima. Kwa nini hukusema nikushikie?" Akamgeukia Bi Zena: "Huyu akiishiwa chakula ndani, mtoto wangu atajua? Akiugua, atasema?" Akaniinua mwenyewe, akaaga, akaondoka.

Jumatatu kiwandani Tumaini akanisalimu, "Habari za asubuhi, Ndugu Komba." Nikajua yameisha. Niliumia, siwafichi, niliumia kuliko bega.

Fundi akaja akaweka mwega, baadaye ubao mpya wa mninga, na pazia la maua ya njano nikalitundika. Likakaa pale miaka, na aliyekuwa akilifunua ni mie peke yangu, nikitoka na nikiingia.

Tangu hapo niliapa. Sasa hivi hata kuhamisha kitanda napiga kelele nyumba nzima, "Jamani, njooni mnishikie!" Mnanicheka, lakini si mnakuja? Basi mkimaliza kushika, msiwe na haraka ya kuondoka. Kaeni kidogo.