Kabati la Kadi na Mama wa Vitumbua

Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, nilipewa kazi ambayo wakutubi walionizidi umri waliitamani: kuunganisha kadi za maktaba tatu za mjini katika kabati moja. Msomaji akija kwetu, kadi imwambie kitabu chake kiko kwetu, kiko chuo cha ualimu, au kiko kituo cha elimu ya watu wazima kule karibu na Mnazi Mmoja.

Kiswahili kilinipa taabu. Ugonjwa unaanza na U, magonjwa yanaanza na M. Nikaona nikate viambishi vyote nipange kwa mzizi: ugonjwa na magonjwa vikaenda chini ya G, ufugaji chini ya F. Kuku sikumpa kadi kabisa, nilimtia ndani ya "ndege wa kufugwa". Kisha nikapiga taipu kurasa nne za maelezo na kuzibandika ukutani. Niliuonea fahari mpango ule. Ilikuwa miaka ya kampeni ya kisomo, na wasomaji wetu wengi walikuwa wapagazi wa sokoni, mafundi cherehani na akina mama waliojifunza herufi ukubwani. Hao sikuwafikiria hata siku moja.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo, mtu wa Pwani, aliyeuza vitumbua Kariakoo na kuishi Buguruni. Alivua ndara zake mlangoni kama anayeingia msikitini. Nilimwona, sikumwambia kwamba hapana haja. Hata shikamoo sikumpa; yeye ndiye aliyeanza.

"Hujambo, mwanangu? Natafuta kitabu cha maradhi ya kuku. Kuku wangu wanazubaa, wanapinda shingo."

"Tazama kwenye kabati, mama. Maelezo yako ukutani."

Alivuta droo ya K, akasoma kadi moja moja kwa kidole, midomo ikimcheza. Akahamia M. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Nilikaa mezani kwangu nikadhani anajizoeza kusoma. Siku ya tatu akanijia.

"Sijakiona."

"Kama hakimo kwenye kadi, basi hakipo," nilisema bila kuinua uso.

"Haya, mwanangu. Ahsante."

Wiki mbili baadaye, mwalimu wa kile kituo cha watu wazima alipita kwetu akiwa amekasirika. "Tuna vijitabu vya magonjwa ya kuku vinaliwa na vumbi. Mbona hamtuletei watu?" Alipoondoka nilifungua droo ya G. Kadi ilikuwemo, nimeiandika mwenyewe.

Mchana uleule nilikwenda kuchukua nakala, nikaanza kuwapita wauza vitumbua wa Kariakoo mmoja mmoja mpaka nikampata. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za kuku.

"Wamekwisha. Kabaki jogoo mmoja, naye haoni."

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kitabu kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikafungua kinywa nikasema, "Kimefika juzi, mama."

Akakipokea kwa mikono miwili. "Na wewe ukanikumbuka, ukanitafuta hadi huku!" Akanifungia vitumbua vinne katika gazeti, akashikilia katakata nivichukue. Nilivila nikiwa nimesimama mbele yake, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Nadhani aibu ile ndiyo iliyonifanya nimwombe aje maktaba, anionyeshe angetafuta wapi. Alikuja Ijumaa, baada ya kumaliza biashara.

"Mimi nina kuku," alisema, "kwa hiyo naanzia kuku. Huo ufugaji sina. Na weka na maradhi, kwetu hatusemi magonjwa. Mtu akifika mahali pasipo pake, kadi imwambie nenda kule."

Alikuja tena mara nyingi, siku nyingine na wenzake wa sokoni. Kila mmoja alinitajia kitu anachokitafuta na neno analoanzia, nami nikawa naandika. Nilirudisha maneno kama yanavyosemwa, nikaongeza kadi za kumwelekeza mtu: maradhi, tazama magonjwa. Maelezo ya ukutani niliyabandua. Baada ya miezi michache droo zilikuwa hazipumziki, na vijitabu vya kituo cha watu wazima vikaanza kuazimwa.

Ndipo mkurugenzi akaleta wageni kutoka wizarani. Walifungua droo, wakasoma kadi, wakafurahi.

"Wazo hili umelipata wapi, ndugu?" mkurugenzi aliniuliza.

Yule mama alikuwa palepale, hatua tano kutoka kwetu, mkono uko ndani ya droo.

"Ni katika mafunzo niliyopata ng'ambo, Ndugu Mkurugenzi."

Aliinua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye kadi zake. Wageni walipoondoka alileta kitabu mezani nimgongee muhuri. Akauliza taratibu, bila kucheka:

"Kumbe ng'ambo nako wanasema maradhi?"

Niligonga muhuri, nikakosea tarehe, nikagonga tena. Aliendelea kuja kuazima vitabu, na kunisalimu kila mara, lakini habari za kadi hakunigusia tena. Siku moja nilimuuliza angetafuta wapi kitabu cha mirathi. Akasema, "Wewe ndiye uliyesomea, mwanangu."

Baadaye nilitumwa mikoani kufundisha mpango ule. Katika mkoa wa tatu nilijikaza, nikawaambia wanafunzi kwamba nilifundishwa na muuza vitumbua wa Kariakoo. Darasa zima likaangua kicheko, likidhani nafanya mzaha. Nikatabasamu nao, nikageukia ubao, nikaendelea na somo.